Chakula cha nyongeza kwa mtoto mchanga

Chakula cha nyongeza ni chakula ambacho mtoto hupewa pamoja na maziwa ya mama kuanzia anapotimiza umri wa miezi 6. Kinaitwa cha nyongeza kwa sababu huongezwa juu ya maziwa ya mama, wala hakichukui nafasi yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, katika miezi 6 ya kwanza, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Katika Afrika ya Mashariki chakula cha kwanza cha watoto wengi ni uji. Makala hii inaeleza kwa nini uji peke yake, hasa ukiwa mwepesi, hautoshi, na jinsi chungu cha kawaida cha nyumbani kinavyoweza kumlisha mtoto vizuri bila kununua vyakula vya makopo.

Jina

Zamani vitabu vingi vilitumia maneno "chakula cha kulikiza" au "chakula cha kumwachisha mtoto ziwa". Maneno hayo yana kasoro, kwani humfanya msomaji adhani kwamba mtoto akianza kula ndipo anapoacha kunyonya. Kumbe mtoto wa miezi 6 hadi 8 bado hupata zaidi ya nusu ya nguvu anayohitaji kutoka kwa mama yake. Ndiyo maana siku hizi wataalamu wa lishe hutumia jina "chakula cha nyongeza", au "chakula cha ziada".

Kumwachisha mtoto ziwa ghafla kuna historia ya kusikitisha. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Gold Coast (Ghana ya leo), alieleza kitaalamu ugonjwa wa watoto wenye miguu iliyovimba, ngozi inayobambuka na nywele zinazobadilika rangi. Aliuita kwashiorkor, jina la lugha ya Kiga linalohusu ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kifuani mdogo wake anapozaliwa. Watoto aliowaona walikuwa wakila hasa uji wa mahindi.

Kwa nini miezi 6

Mtoto anapozaliwa kwa wakati wake huwa na akiba ya madini ya chuma mwilini, na akiba hiyo huanza kuisha anapokaribia miezi 6. Maziwa ya mama yana madini ya chuma machache sana. Baada ya hapo mtoto anakua haraka mno: kwa makadirio yanayotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku, wakati mwanamume mzima anahitaji 8 tu. Kwa hiyo mtu mwenye tumbo dogo kuliko wote nyumbani ndiye anayehitaji chuma kingi kuliko baba yake.

Mwili nao huonesha dalili za kuwa tayari. Mtoto huweza kukaa akiegemezwa, hushika shingo yake, huacha kusukuma kila kitu nje kwa ulimi, na hufuata kwa macho kijiko cha wenzake. Kumwanzishia mapema, miezi 3 au 4, humpunguzia hamu ya kunyonya na kumfungulia mlango wa kuharisha. Kilio cha mtoto wa miezi 3 si lazima kiwe njaa ya uji. Kuchelewa nako kuna madhara, kwa sababu baada ya miezi 6 maziwa pekee hayatoshi tena na uzito huanza kusimama.

Hesabu ya uji

Tumbo la mtoto hupokea takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja. Mtoto wa kilo 7 basi hupokea kama mililita 200, yaani kikombe kisichojaa. Kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama, mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kilokalori 200 hivi kwa siku. Wa miezi 9 hadi 11 anahitaji 300 hivi. Na wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji 550 hivi.

Sasa tuchukue uji mwepesi, ule unaonywewa kwa kikombe kama chai, wenye gramu 60 za unga katika lita moja. Unga wa mahindi au ulezi hutoa takribani kilokalori 360 kwa kila gramu 100, kwa hiyo lita nzima ina kilokalori 216. Mtoto akinywa mililita 200 amepata 43 tu. Ili afikie 200 atalazimika kunywa karibu lita nzima kwa siku, na hapo hatabaki na nafasi ya kunyonya. Hesabu hii ni ya darasa la tano, lakini wazazi wengi hawajapata kuonyeshwa. Wanaona tumbo limejaa na mtoto amelala, wakaridhika.

Uji huohuo ukipikwa mzito, na kijiko kimoja kikubwa cha karanga zilizosagwa kikakorogwa ndani, mambo hubadilika. Karanga hizo, kama gramu 15, huleta kilokalori 90 hivi peke yake, tena pamoja na protini. Kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia huongeza kama 40. Kipimo cha uzito wa uji ni rahisi: ukichota kwa kijiko na kukiinamisha, uji ubaki kijikoni, usimwagike kama maji.

Tatizo ni kwamba uji mzito sana humshinda mtoto kumeza. Hapa ndipo kimea kinaposaidia. Ulezi (Kenya huitwa wimbi) hulowekwa usiku mmoja, huchujwa, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku 2 au 3 hadi uchipue, kisha hukaushwa juani na kusagwa. Uji mzito ukiepuliwa na kupoa kidogo, hutiwa kijiko kidogo cha unga wa kimea na kukorogwa. Baada ya dakika chache uji hulainika na kuwa mwepesi bila kuongezewa maji, kwa sababu kimeng'enya kilichomo kwenye kimea hukatakata wanga. Kisha hurudishwa jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Kimea kisitiwe uji ukiwa unatokota, maana joto kali huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Wanaotumia mtama badala ya ulezi waondoe vichipukizi vyote kabla ya kusaga, kwani vina kemikali inayotoa sianidi.

Udumavu katika mikoa yenye chakula

Mtoto asiyelishwa vizuri kwa muda mrefu hudumaa, yaani huwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake. Udumavu huu kwa sehemu kubwa hutokea kabla ya miaka 2, na ni vigumu kuurekebisha baadaye. Hauishii kwenye kimo, bali huathiri pia ukuaji wa ubongo na uwezo wa kujifunza shuleni.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kenya mwaka huohuo ilikuwa asilimia 18. La kushangaza ni kwamba nchini Tanzania mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo kila mmoja ulikuwa na takribani nusu ya watoto wake katika hali hiyo, na Iringa ilizidi nusu. Hii ni mikoa inayolisha wengine kwa mahindi, viazi na maharage. Ghala likijaa haimaanishi kuwa sahani ya mtoto imejaa.

Sababu ni nyingi, nazo si za chakula tu: afya ya mama wakati wa ujauzito, maradhi ya mara kwa mara, maji machafu. Lakini mlo wa mtoto una sehemu kubwa. Mama anayeshinda shambani huacha uji wa asubuhi kwa mtoto mkubwa amlishe mdogo wake, na uji huo ni wa mahindi matupu. Mayai na maharage huuzwa, naye mtoto wa nyumba hiyo hayaonji. Haifai kumlaumu mama peke yake. Baba anayeamua kipi kiuzwe na kipi kibaki naye yumo katika hesabu hii.

Nini kiingie kwenye sahani

WHO na UNICEF hupima mlo wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 kwa makundi 8: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde na karanga, maziwa ya wanyama na mazao yake, nyama, samaki na maini, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyingine. Mtoto aliyekula kutoka angalau makundi 5 kwa siku huhesabiwa kuwa amepata mlo mchanganyiko. Anayenyonya ameshapata kundi moja bila gharama.

Kundi linalokosekana mara nyingi ni la nyama, samaki na mayai. Watu hudhani ni lazima iwe nyama ya buchani. Dagaa (omena kwa Wakenya, mukene Uganda, ndagala Burundi) ni miongoni mwa vyakula bora vya mtoto katika eneo letu, na bei yake ni nafuu. Wana protini, madini ya chuma, na chokaa kutokana na mifupa yao. Husafishwa, hutolewa vichwa na mchanga, hukaangwa bila mafuta mpaka wakauke kabisa, kisha husagwa na kuchekechwa wawe unga laini. Kijiko kimoja kidogo cha unga huo huchanganywa kwenye uji, viazi au mchuzi wa mtoto. Maini nayo yana chuma na vitamini A nyingi mno, hivyo kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha.

Chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani hunyonywa na mwili kwa shida. Husaidiwa na vitamini C, kwa mfano juisi kidogo ya chungwa au kipande cha papai baada ya mlo. Chai huzuia. Chai ya rangi yenye sukari pamoja na kipande cha andazi ni kifungua kinywa cha watoto wengi mijini, na ni mlo duni kwa mtoto wa miezi 8.

Yai lililoiva kabisa linaweza kutolewa kuanzia miezi 6. Ile imani kwamba mtoto akila yai atakuwa mwizi au atachelewa kusema haina msingi wowote. Zamani hata madaktari walishauri kuchelewesha mayai na karanga kwa kuogopa mzio, lakini utafiti uliofanyika London na kutolewa mwaka 2015 ulionesha kinyume chake: watoto walio katika hatari ya mzio walioanza kula karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache zaidi kuliko walionyimwa. Karanga zitolewe zikiwa zimesagwa, kamwe zisiwe nzima.

Vyakula vya kupika nyumbani

Hakuna haja ya kumpikia mtoto chungu chake kila siku. Njia nyepesi ni kutenga sehemu yake kutoka kwenye chakula cha familia kabla ya kutia pilipili na chumvi nyingi, kisha kuiponda.

Viazi lishe na dagaa. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vinavyojulikana Tanzania kama viazi lishe, vina kirutubisho kinachogeuka vitamini A mwilini, tofauti na vile vyeupe. Wanasayansi waliovieneza Afrika, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Chemsha kiazi na ganda lake, menya, ponda kwa uma, changanya na unga wa dagaa, maziwa kidogo yaliyochemshwa na nusu kijiko cha mafuta.

Ndizi za nyama. Wachaga hupika mtori, ndizi na nyama zilizopondwa hadi kuwa rojo, kwa ajili ya mama aliyejifungua. Chakula hichohicho kinamfaa mtoto, ilimradi nyama iwe imeiva hadi kunyambuka na ipondwe ndani. Kumpa mchuzi tu na kuwaachia wakubwa nyama ni kosa lililoenea: protini na chuma hubaki kwenye nyama, na supu huwa na harufu yake tu.

Mashendea kwa samaki. Pwani wali hupikwa kwa maji mengi hadi ulainike, kisha hutiwa tui zito la nazi. Huongezwa samaki aliyechemshwa na kuchambuliwa kwa vidole. Vidole, si macho, ndivyo vinavyogundua mwiba mdogo. Boga lililochemshwa huenda vizuri na mlo huu.

Ugali laini kwa maharage. Maharage hulowekwa usiku kucha, maji hayo humwagwa, kisha huchemshwa mpaka yaive kabisa. Mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha. Huchujwa kwenye chekeche ili kuondoa maganda. Choroko (ndengu) huiva upesi zaidi na hazisumbui tumbo. Mchicha au majani ya maboga hukatwa vipande vidogo sana na kuongezwa mwishoni. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu.

Parachichi na ndizi mbivu havihitaji moto. Parachichi lina mafuta mazuri, na huokoa siku ambayo mama amerudi nyumbani amechoka.

Kuhusu unga wa lishe unaouzwa madukani au kuchanganywa nyumbani, wingi wa nafaka si sifa. Mahindi, mchele, ngano, mtama na uwele vyote ni kundi moja, na kuvichanganya vitano hakumpi mtoto kundi la pili. Nafaka moja au mbili pamoja na jamii moja ya kunde zinatosha. Soya iliyosagwa mbichi ina viini vinavyozuia mmeng'enyo wa protini, hivyo ni lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza. Na ni afadhali karanga zisagwe kando na kutiwa wakati wa kupika, kwa sababu unga wenye karanga huvunda upesi.

Kiasi na namna ya kulisha

Mtoto huanza na vijiko 2 au 3 vya chakula kilichopondwa, mara 2 kwa siku, na huongezwa polepole hadi nusu kikombe cha mililita 250. Anapofikisha miezi 8 huweza kushika mwenyewe vipande laini, kama kiazi au papai. Miezi 9 hadi 11 hula mara 3 au 4, nusu kikombe kila mara. Akitimiza mwaka hula chakula cha familia kilichokatwakatwa, robo tatu hadi kikombe kizima, pamoja na asusa mara 1 au 2.

Apewe sahani yake mwenyewe. Kwenye sinia la pamoja mdogo hushindwa na wakubwa, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kumlaza chali na kumminyia uji mdomoni kwa kiganja huku pua imezibwa, kama ilivyokuwa desturi mahali pengi, ni hatari: uji huweza kuingia kwenye mapafu. Tena humfundisha mtoto kuogopa chakula. Akikataa leo ajaribiwe tena kesho. Ladha mpya mara nyingi huhitaji kurudiwa mara kadhaa. Kukohoa na kutoa ulimi ni kawaida anapojifunza. Akisakamwa hasa hatoi sauti, na ndiyo sababu mtoto anayekula hatakiwi kuachwa peke yake.

Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvizuia. Soda, juisi za pakiti na biskuti huzima hamu ya kula na kuozesha meno yanayochipua.

Mtoto mgonjwa huendelea kunyonya na kulishwa kidogo kidogo, hata akiharisha. Akipona aongezewe mlo mmoja wa ziada kwa siku kwa wiki 2 hivi ili arudishe uzito aliopoteza.

Usafi na uhifadhi

Kuharisha huongezeka sana katika miezi hii, kwa sababu chakula na vyombo huleta vijidudu. Mikono ya mlishaji na ya mtoto ioshwe kwa sabuni. Kikombe na kijiko ni bora kuliko chupa ya chuchu, ambayo ni ngumu kuisafisha. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila jokofu. Uji wa asubuhi ulioachwa hadi jioni kwenye chupa ya chai haufai, hata ukiwa bado wa vuguvugu. Vuguvugu ndilo joto ambalo vijidudu hulipenda.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu watoao sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 nchini Kenya, hasa Ukambani, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kwa mtoto anayekula uji wa mahindi na karanga kila siku, hata kiasi kidogo hujikusanya. Kuchemsha hakuiondoi. Mahindi yakaushwe vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo, na yapukuchuliwe bila kuvunjwa. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zichaguliwe moja moja na kutupwa kabla ya kusaga. Wala zisiuzwe kwa bei ya chini wala kupewa kuku, kwani sumu hiyo huwadhuru kuku pia.